Ng'ombe Waliolala Zizini Kwetu

Wajukuu wangu wakinikuta na gazeti huniuliza, "Bibi, wewe na akili zote hizi, mbona hukusoma ukafika mbali?" Huwajibu kwamba ng'ombe walinizibia njia. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanadhani bibi yao ana utani.

Sina utani. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, wa kwanza wa kike kutoka upande wetu wa Nyangoto, miaka ile ya hamsini, wakati mwanamke akionekana na chaki mkononi watu walisimama kumtazama. Nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni. Watoto walikuja wanajua Kikurya tu. Nawaonyesha kikombe, nasema "kikombe", wananikodolea macho, na mwalimu wa darasa jirani anapita na fimbo yake akisema niwachape, watajua. Mimi sikuchapa. Niliona mtoto hana kosa. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, hatukujua namna ya kumtoa kwenye lugha aliyonyonya na kumfikisha kwenye lugha ya kitabu. Hilo ndilo nililotaka kulisomea. Nililitaka kama mtu anavyotaka maji.

Mama mkuu wa shule, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alijua. Siku moja baada ya vipindi aliniita barazani kwake, akanimiminia chai yao ile isiyo na maziwa ya kutosha, akaniambia kwamba wanawake wa kanisa la kwao wamechanga ili mwalimu mmoja mwanamke kutoka kwetu aende ng'ambo, chuo kikuu, kusomea masomo ya juu ya ualimu. Aliita basari. Ada imelipwa, chakula kimelipwa, kitanda kimelipwa. Jina alilolipeleka yeye ni langu, nao wamelikubali.

Nilikitua kikombe chini, nikamwomba arudie.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Nauli ya meli na nguo za baridi zitoke nyumbani kwenu. Hao kina mama wanataka kuona kwamba watu wako wako pamoja nawe."

Alisema kwa nia njema kabisa, namtetea mpaka leo. Kwao mtu akiwa pamoja nawe anaingiza mkono mfukoni. Kwetu sisi mtu akiwa pamoja nawe anatoa ng'ombe. Na ng'ombe wa Wakurya, ndugu yangu, hatembei peke yake. Anatembea na maneno.

Lazima niwaeleze habari za baba yangu, ili msimdhanie vibaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima, mtu wa mikono mikubwa na kicheko cha ghafla. Alikataa nisitahiriwe. Wenzangu wote walipopelekwa, mimi nilibaki nyumbani, na tangu siku hiyo nikaitwa msagane, ndilo jina la msichana asiyetahiriwa, na kwetu si jina la kuitwa mtu ukafurahi. Mashangazi walilia kana kwamba nimekufa. Nani ataoa msagane? Baba akawajibu, "Asiolewe, basi. Atasoma." Niliporudi na cheti alianza kuniitikia akiwa amesimama. Nikisema, "Shikamoo, Tata," yeye anainuka kwenye kigoda na kujibu, "Marahaba, Mwalimu." Mtu mzima yule, amwinukie binti yake! Watu walimcheka, naye akawa anainuka zaidi.

Nilipompelekea habari ya basari alicheka kile kicheko chake, akamwita mama. "Mama Mwalimu! Njoo usikie! Mtoto anakwenda kwa Wazungu kuwafundisha!"

"Kusoma, Tata," nikamwambia.

"Ni hivyo hivyo."

Tulikuwa na ng'ombe wachache, na hao ndio maziwa na jembe la nyumba nzima. Baba akamkumbuka mwenzake wa rika, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, anayekaa Ringwani, ng'ambo ya Mto Mara, mtu mwenye zizi lililojaa. Rika kwetu ni zaidi ya ndugu. Binti wa mwana-rika wako ni binti yako, huwezi hata kumtamani. Tukafunga safari, baba na mimi, tukavuka mto kwa mtumbwi, tukatembea hadi Ringwani.

Yule mzee alitupokea vizuri sana. Baba alimweleza, naye hakuuliza maswali mengi. Asubuhi, kabla wadogo zake hawajaamka wakaanza kununa, alitutolea ng'ombe wazuri, majike wenye nyonga pana, akasimama na fimbo yake akasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Rika, hawa si wa mahari. Huyu ni binti yetu sote wawili. Kawauzeni mnadani, apande meli." Akanigeukia. "Nawe ukirudi uje uniambie kama bahari ni kubwa kuliko ziwa letu."

Tuliosikia tulikuwa wawili tu, baba na mimi. Kumbuka hapo.

Mpango ulikuwa kuwapeleka moja kwa moja mnadani Tarime. Lakini mvua ilinyesha huko juu, Mara ikafurika, tukakaa upande ule tukingoja maji yapungue. Tulipovuka, siku ya mnada ilikuwa imepita. Tukafika nyumbani jioni na wale ng'ombe, tumelowa, tumechoka, baba anapiga mluzi.

Mama alitoka jikoni, akawaona, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba Mwalimu, msiwaingize zizini."

"Ala! Niwaweke wapi, kitandani?"

"Wafunge pale nje. Nitawasha moto nilale nao mwenyewe. Ng'ombe wa watu wakilala kwenye zizi la mwenye binti, unajua wanaitwaje."

Baba akacheka. "Mama Mwalimu, fisi wa huku unawajua. Na huyu ni msagane, tena mwalimu, tena baba yake wa Ringwani ni rika langu. Mjinga gani atasema ni mahari?" Akayaondoa magogo ya mlangoni, ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, wakajichanganya na wetu. Mama alisimama akiwatazama mpaka wa mwisho, kisha akarudi jikoni kusonga ugali.

Hapo ndipo baba alipokosea, na ni kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya, wala mtu wa pwani. Ni sisi tu. Alisahau kwamba zizi lina sheria yake, na sheria hiyo haiulizi moyo wa mtu.

Mnada uliofuata haukuwapo. Ilitangazwa karantini, ugonjwa wa mifugo umeingia, hakuna kuuza, hakuna kupitisha ng'ombe mpakani. Baba akasema si neno, meli bado iko mbali, tutangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakati huo kaka yangu alikuwa amempa mimba binti wa kijiji cha pili, na baba wa binti amekuja juu: leteni ng'ombe au namwoza kwa mwingine. Siku nilipokuja nyumbani kutoka shuleni nilikuta wale majike wazuri hawapo. Wamekwenda kwa wakwe wa kaka.

"Usihofu, Mwalimu," baba akaniambia, naye amesimama kama kawaida yake. "Ameazima tu ndugu yako. Karantini ikifunguliwa, mjomba wako wa ng'ambo ya mpaka atatupa wengine. Ng'ombe ni ng'ombe."

Nilikubali. Na kusema kweli nilifurahi, maana huyo wifi niliyempata alikuwa mtu wa kupendeza mno. Msichana mdogo, mwembamba, mcheshi, hajui kusoma hata herufi moja. Jumamosi nikija alikuwa akikaa karibu nami nikisahihisha kazi za watoto na kuniuliza, "Wifi, huyu kapata? Na huyu? Maskini, huyu mchape kidogo tu." Nilianza kumfundisha herufi kwa kijiti, pale pale chini penye majivu. Alikuwa na akili ya kushika. Nikamwambia nikirudi kutoka ng'ambo nitamfundisha vizuri, akasema, "Utanikuta na watoto kumi, nitakuwa sina nafasi."

Kisha ng'ombe wetu wenyewe wakaanza kufa. Waliharisha, wakalala, wakafa. Tulibaki na zizi la mavi makavu. Na kabla hatujamaliza kulia hilo, zikaja habari kwamba yule mzee wa Ringwani naye amefariki, ghafla, shambani.

Baba alilia kama mtoto. Mimi nililia pia, lakini sikujua bado ninalilia nini.

Matanga yalipokwisha, wadogo zake marehemu walivuka mto wakaja kwetu, na kijana mmoja nyuma yao, mwanawe marehemu, anatazama chini. Wazee wetu wa ukoo wakaitwa. Wageni wakasema kwa adabu kabisa: ng'ombe wa ndugu yetu waliletwa kwenye zizi hili. Wakalala. Kisha wakatoka wakamwolea kijana wa nyumba hii mke. Sisi hatuna ugomvi, tumekuja kumchukua mke wetu.

"Mke gani?" baba akasema. Nakumbuka aliuliza kwa dhati. Hakuwa ameelewa.

Wakaninyooshea kidole, kisha wakamwonyesha yule kijana: mwiko wa rika, wakasema, unamfunga mzee, haumfungi mwanawe.

Baba akaeleza yote: basari, meli, maneno ya marehemu. Wazee walimsikiliza bila kumkatiza. Mmoja akamwuliza nani mwingine alisikia. Baba akasema, "Mwalimu alikuwepo." Basi nikasimama mimi, na viatu vyangu vya shule, nikasema nilisikia, nikayarudia maneno ya marehemu neno kwa neno.

Yule mzee hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliniambia taratibu, "Mwanangu, anayeolewa hatoi ushahidi wa mahari yake. Umeona wapi?"

Ndiyo hivyo. Niliweza kufundisha watoto hamsini kusoma, lakini kuhusu mwili wangu mwenyewe nilikuwa sawa na wale majike, wanatajwa lakini hawasemi.  Nilikaa chini.

Mama mkuu aliposikia alipandwa na hasira, uso ukawa mwekundu. Akaniambia twende bomani kwa Bwana DC, serikali hailazimishi mtu kuolewa, atakuachilia siku hiyo hiyo. Najua angeniachilia. Lakini tulijua pia hukumu yenyewe ingekuwaje: binti aachwe, ng'ombe warudishwe. Warudishwe kutoka wapi? Wetu wamekufa. Mjomba yuko ng'ambo ya mpaka, na mpaka umefungwa. Ng'ombe waliobaki duniani kwa jina letu ni wale waliokuwa kwa wakwe wa kaka yangu, na wakirudi wao, wifi yangu naye anarudishwa kwao na tumbo lake, na mtoto anazaliwa kichakani kama wanavyosema, hana baba. Mama mkuu hakulielewa hilo hata nilipolirudia. Alisema, "Lakini hilo si jambo lako." Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo jambo langu."

Wazee walikutana mara ya pili. Waliniita niseme. Hilo walinipa, kuchagua. Walisema: ama wewe uende Ringwani, ama yule mke arudi kwao, ng'ombe wafuate njia waliyokuja nayo. Wifi alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, mikono tumboni, hanitazami. Hakuniomba. Kama angeniomba, pengine ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mwenye mimba harudishwi kwao. Nitakwenda mimi."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mmoja wa wale baba wadogo wa Ringwani akasema, "Huyu kasema kama mwanamume." Baba aliondoka akaenda nyuma ya zizi, hakurudi mpaka wageni walipokwisha kuondoka.

Nilikwenda. Sitaeleza harusi, haikuwa na kitu cha kueleza. Koti lake kuukuu la sufu ambalo mama mkuu alikuwa amenipa kwa ajili ya baridi ya ng'ambo nililibebea ulezi. Na yule kijana, mume wangu, hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinitesa vilevile. Alikuwa mpole, mchungaji hodari, alinishonea kizibo cha kibuyu kwa ngozi bila kuombwa. Alinioa kwa sababu aliambiwa, kama mimi. Usiku hatukuwa na la kuongea. Mchana nilikwenda kulima na wanawake wenzangu wa boma, nao walinionea huruma jinsi nilivyoshika jembe. "Mwalimu, hiyo si kalamu!" Nikacheka nao. Nilikuwa nikicheka na huku nimekufa, jamani, wala sisemi kwa kupamba. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza nilichosikia kichwani ni kengele ya shule, nami niko mbali na shule kwa mto mzima.

Sikumwandikia mtu. Sikutaka kujua meli iliondoka lini.

Kumbe haikuondoka na nafasi yangu. Hilo nililijua siku ambayo baba alikuja.

Nilikuwa nachambua mboga uani. Nikasikia ng'ombe, nikasikia mluzi, na mluzi ule ningeujua popote. Niliinua macho nikamwona anakuja na wale wale majike wenye nyonga pana, sasa wana ndama. Amekonda, nguo zimelowa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto. Aliponiona akaanza kuongea kabla hata sijamwamkia, anaongea kwa mbali, anapaza sauti.

Wifi yangu amefariki. Alifia katika uzazi, na mtoto naye. Na kwa kuwa hakuacha mtoto nyumbani kwetu, kwa mila ng'ombe wamerudi. Wamerudi wote. Karantini imefunguliwa. Baba amekwenda shuleni kwa miguu, amemwona mama mkuu, na mama mkuu amesema kwamba wale kina mama wa kanisa lao aliwasihi, wakakubali kungoja mwaka mmoja.

"Nafasi ipo, Mwalimu! Wamekuwekea! Nimewaleta ng'ombe wa watu, wachukue, twende zetu nyumbani!"

Anasema hivyo machozi yanamtoka, maana alimpenda yule mkamwana wake, na huku anacheka, yote pamoja. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa na mboga. Nilimfikiria yule mtoto mwembamba na herufi zake kwenye majivu. Nilikuwa nimemnunulia uhai kwa kila nilichokuwa nacho, naye hakukaa nao.

Kisha nikainuka nimwamkie baba yangu.

Aliona. Nilikuwa na miezi mitano, na hata gauni pana lilikuwa halifichi tena. Kile kicheko kikamkauka mdomoni.

Baba mdogo wa Ringwani, yule yule, alikuwa ametoka nyumbani kwake kwa kusikia sauti. Aliwatazama ng'ombe, akawasifu, akamsalimu baba kwa heshima na kumpa pole ya msiba. Aliposikia kilichomleta, hakubisha kwa ukali. Alisema tu, "Mzee mwenzangu, si mwanao mwenyewe aliyesema mbele yetu? Mwenye mimba harudishwi kwao."

 Mume wangu alikuwa amesimama kando, anatazama chini, kama siku ile ya kwanza. Nadhani kama angekuwa na uwezo angeniacha niende, lakini hata yeye hakuwa mwenye ng'ombe.

"Shikamoo, Tata," nikasema.

Baba hakuwa na mahali pa kuinukia, alikuwa tayari amesimama. Alivua kofia yake.

"Marahaba, Mwalimu," akajibu. Kisha akageuka kuwatazama wale ng'ombe waliotembea tangu asubuhi, akaniuliza kijito cha karibu kiko wapi, awanyweshe maji kabla ya kuanza kurudi nao.